Nimepewa Honda ya magurudumu matatu ya shambani: nijifunzeje kuiendesha bila kujiumiza?

MtuWaKilosa ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote kwa heshima. Ninaishi Marekani, katika jimbo la Ohio, mwendo wa saa moja hivi kutoka Columbus, kwenye shamba dogo ambalo mimi na mke wangu tumelipanga ili tufuge mbuzi. Mwezi uliopita jirani yetu, mzee aliyeacha kulima kwa sababu ya magoti, alinikabidhi chombo kilichokuwa kimelala ghalani kwake kwa miaka mingi. Ni Honda ATC200S ya mwaka 1985, yenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma, matairi manene kama maboya, na injini inayowashwa kwa kuvuta kamba kama zile jenereta ndogo za majumbani. Haina klachi ya mkono, gia hubadilishwa kwa mguu tu, na mafuta huongezwa kwa kusukuma kidude kwa dole gumba badala ya kuzungusha mkono kama kwenye pikipiki.

Kabla ya kuja huku niliendesha bodaboda Kilosa na Morogoro mjini kwa miaka 6, na bajaji ya binamu yangu nimewahi kuishika mara nyingi, kwa hiyo sikuona sababu ya kumuuliza mtu yeyote. Siku ya kwanza nilikuwa nikielekea kwenye lango la malisho kwa gia ya pili. Nilipofika nikageuza usukani na kujilaza kidogo kama nilivyozoea, lakini chombo hakikugeuka hata kidogo. Kilinyooka na usukani wake umepinda vilevile, kikaingia kwenye uzio wa waya na kung'oa nguzo mbili.

Siku ya pili niliumia kweli, na nilikuwa nikienda polepole mno. Gurudumu la nyuma la kulia lilipanda tuta dogo, chombo kikainamia kushoto, nami nikashusha mguu wa kushoto chini ili nijizuie, kama afanyavyo kila mwenye pikipiki anapoyumba. Tairi la nyuma likanipanda kisigino, likakwea nyuma ya mguu mpaka karibu na goti, na kunivuta kutoka kwenye kiti. Nashukuru udongo ulikuwa laini na sikuvunjika, lakini meno ya tairi yalibaki yamechorwa kwenye shavu la mguu wangu kwa wiki nzima, kila jino mahali pake.

Ninaomba mwenye kujua anieleze kwa nini chombo hiki kinakataa kukata kona, na mtu mzima anayeanza upya ajifunze kwa utaratibu gani. Nimesikia pia kwamba vyombo hivi vilipigwa marufuku huku, nami ningependa kujua ukweli wake. Mwisho, mpwa wangu wa miaka 14 anakuja likizo, na tangu alipoona picha yake kwenye simu hana habari nyingine ya kuzungumza.

DerevaWaGuta amejibu:

Pole sana kaka. Mimi niko Kahama na ninabeba mizigo kwa guta la injini mwaka wa nane sasa, na kwa maoni yangu hicho ni bajaji isiyo na bodi. Punguza mwendo kabla ya kona, usikate kona ukiwa umeshika breki, na jaza upepo wa kutosha kwenye matairi ya nyuma ili chombo kisiyumbe, kwa maana nimeona kwenye picha kwamba yamelegea sana. Suala la kushusha mguu sisi kwenye guta hatunalo, kwa sababu dereva anakaa mbele na magurudumu ya nyuma yako mbali naye.

BabuWaBarka amejibu:

Mwanangu wa Kilosa, pole kwa mguu. Ndugu yetu wa Kahama aniwie radhi, kwani ushauri wake wa mwendo na breki ni sahihi kabisa, ila ule wa kujaza upepo unafaa chombo kingine, na katika hiki unaweza kumpindua mtu. Mimi nilizaliwa Unguja, nikahamia Oman nikiwa kijana, na katika miaka ya 1980 tulikuwa tukiyapandisha matatu haya kwenye vilima vya mchanga kila Alhamisi jioni, kabla vijana hawajahamia kwenye yale ya manne wanayoyaita banshi. Nimeanguka nayo mara nyingi kuliko nilivyopenda kumwambia marehemu mama yangu.

Jambo la kwanza la kufahamu ni ekseli ya nyuma. Bajaji na guta vina difu, yaani kona inapokatwa gurudumu la nje linaruhusiwa kuzunguka haraka kuliko la ndani, kwa sababu la nje lina njia ndefu zaidi ya kupita. Honda yako haina difu. Magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye chuma kimoja, kwa hiyo likizunguka moja na la pili linazunguka vivyo hivyo, hata kama kona inataka yatofautiane. Ili chombo kigeuke lazima gurudumu mojawapo liteleze kidogo. Yakikataa kuteleza yote mawili, yanalisukuma lile la mbele linyooke, na ukiwa umekandamiza sehemu ya nyuma ya kiti kwa uzito wako wote gurudumu hilo la mbele halina hata nguvu ya kuishika ardhi. Ndivyo ulivyoingia kwenye uzio, na kadiri ulivyozidi kupindisha usukani ndivyo tairi la mbele lilivyozidi kuburutwa.

Basi kona ya chombo hiki haikatwi kwa usukani peke yake, inakatwa kwa makalio na unyayo. Kabla ya kona toa mafuta na upunguze mwendo ukiwa bado umenyooka. Jisogeze mbele kwenye kiti mpaka karibu na tenki, ili gurudumu la mbele lipate uzito. Kisha inamisha kiwiliwili chako upande wa ndani wa kona, na wakati huohuo kandamiza kikanyagio cha nje kwa unyayo, yaani ukikata kushoto mwili unaelekea kushoto lakini mguu unaobeba uzito ni wa kulia. Mara ya kwanza utaona kama unaambiwa utafune na kupiga mluzi kwa pamoja. Maana yake ni kwamba gurudumu la ndani linapunguziwa mzigo, linapata nafasi ya kuteleza, na chombo kinageuka kwa utulivu huku wewe ukiwa upande unaokizuia kisipinduke kwenda nje. Katikati ya kona endelea kusukuma mafuta kidogokidogo bila kukatisha. Ukihisi gurudumu la ndani linanyanyuka, zidisha kuinama ndani, punguza mafuta taratibu, na uipanue kona ikiwa nafasi ipo. Usiikabe breki kwa hofu.

Mazoea yako ya pikipiki ndiyo yatakayokusumbua zaidi. Kwenye pikipiki mtu na chombo hulala pamoja, ilhali hapa chombo hakilali, ni wewe unayelala na kukiacha kikiwa wima. Na ule mguu ulioshuka chini, mwanangu, ndio ajali mashuhuri kuliko zote za vyombo hivi. Tairi la nyuma liko nyuma ya kisigino chako, ni pana, ni laini, na lina meno, kwa hiyo mguu ukigusa ardhi huku chombo kinakwenda, tairi linaukwea kama lilivyotengenezwa likwee jiwe. Miguu haitoki kwenye vikanyagio mpaka chombo kimesimama kabisa na breki ya kuegeshea imefungwa. Sisi tulifundishana kwa njia ya kitoto, ambayo bado naiona nzuri: unasimama pasipo kuwasha injini, mwenzako anakitikisa chombo kushoto na kulia kwa nguvu, nawe unajifunza kujibu kwa kiwiliwili na viuno tu, miguu ikiwa imeganda mahali pake. Ukishusha mguu unaanza upya, na unamnunulia mwenzako soda.

Ukimaliza hapo, tafuta uwanja tambarare wa majani mafupi au udongo uliolegea. Usijifunzie kwenye lami, kwa sababu lami haikubali tairi liteleze, na chombo kitanyooka au kitanyanyua gurudumu na kukutupa. Weka ndoo mbili zilizoachana hatua 20, uzunguke kwa gia ya kwanza ukichora namba nane, upande mmoja na wa pili, kwa siku kadhaa kabla hujafikiria gia ya pili. Fanya na mazoezi ya kusimama: mafuta yanatolewa kwanza, breki za mbele na nyuma zinashikwa pamoja na kwa upole, chombo kikiwa kimenyooka.

MuuguziWaMinnesota amejibu:

Shikamoo babu, na pole kaka wa Kilosa. Nimeyasoma maelezo ya babu kwa makini, nayo yanaonyesha mtu anayekijua chombo chake, lakini ninaomba kuwa sauti ya upande wa pili, kwa kuwa nimefanya kazi kwenye wodi ya majeruhi kwa miaka mingi, na huko hatumpokei aliyekata namba nane vizuri. Tunampokea mtu aliyepanda kilima, mbele pakanyanyuka, na chombo kikamwangukia kifuani kikiwa na injini inayonguruma. Wengine walikuwa peke yao shambani, na waliokolewa na mbwa aliyebweka au mke aliyeona chakula kinapoa.

Kuhusu marufuku, habari uliyosikia ina ukweli lakini haijakamilika. Vyombo hivi vilianza kuuzwa huku mwaka 1970, na Honda walivileta baada ya wauzaji wao wa Marekani kuomba kitu cha kuuza majira ya baridi, wakati ambapo pikipiki hazinunuliwi. Vya kwanza vilikuwa na injini ndogo isiyozidi cc 90, vya kuchezea ufukweni na kwenye theluji. Ilipofika 1985 vilikuwepo vya cc 350, na majeruhi walikuwa wengi mno, watoto wakiwemo. Mwishoni mwa mwaka 1987 serikali, kupitia Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, ilizifikisha mahakamani Honda, Yamaha, Suzuki, Kawasaki na Polaris. Makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama Aprili 1988, kwa muda wa miaka 10, yaliwafanya waache kuuza vya magurudumu matatu vilivyo vipya, waweke maonyo kwenye vyombo vya manne, na wagharamie mafunzo ya wanunuzi. Kisha sheria ya mwaka 2008 ikazuia kabisa kuingiza na kuuza vipya vya matatu. Vilivyokwisha kununuliwa havikunyang'anywa, na ndiyo maana chako kipo ghalani bila kuvunja sheria hiyo.

Kuhusu mpwa wako, sina njia ya kulizunguka jambo hili. Makubaliano hayohayo ya 1988 ndiyo yaliyoweka kanuni kwamba chombo cha zaidi ya cc 90 hakifai mtu aliye chini ya miaka 16. Chako kina cc 192. Mtoto wa miaka 14 anaweza kuwa mrefu kuliko wewe na bado akakosa uzito wa kukiinamisha, na akakosa zaidi ile busara ya kuacha kilima asichokiweza wakati binamu zake wanamtazama. Kumpakia nyuma yako nako hakufai, kwani kiti kile kirefu kinamdanganya mtu aone ni cha wawili, ilhali urefu wake ni kwa ajili ya dereva kusogea mbele na nyuma. Abiria anakunyima nafasi hiyo, na uzito wake uko nyuma kabisa, mahali pabaya kuliko pote.

Kwa maoni yangu ungemrudishia mzee chombo chake kwa shukrani, ukatafuta cha magurudumu manne kilichotumika. Ikiwa huwezi kuachana nacho, basi kofia ngumu ya pikipiki inayofunika na kidevu, miwani ya kuzuia vumbi na matawi, glavu, suruali nene, na buti zinazopita kifundo cha mguu. Usitoke bila simu mfukoni, mfukoni kwako na si kwenye kikapu cha chombo, na mkeo ajue unaelekea malisho yapi.

BabuWaBarka amejibu:

Marahaba, binti yangu. Uliyoyasema juu ya mtoto na abiria nayaunga mkono yote, na laiti mtu angetuambia hayo sisi wakati ule. La kurudisha chombo sikubaliani nalo moja kwa moja, maana cha manne nacho humpindukia mtu, tena ni kizito zaidi kinapokulalia. Tofauti ni kwamba cha manne kinasamehe makosa madogo, na hiki hakisamehi.

Umenikumbusha vilima, ambavyo sikuvigusa. Mwanangu, kaa mbali navyo mpaka namba nane uikate bila kufikiri. Siku utakapopanda, chagua mteremko ambao mwisho wake unauona, ingiza gia ndogo ukiwa bado chini, jisogeze mbele kabisa na uinamie usukani, upande ukiwa umenyooka na mafuta ya kiasi kimoja. Kusukuma mafuta ghafla katikati ya kilima ndiko kunakonyanyua mbele. Injini ikikuishia nguvu, usijaribu kugeuza hapo hapo. Simama, uzito wako ukiwa umeuelekeza juu, funga breki ya kuegeshea, na ushuke kwa upande wa juu wa mlima. Chombo kikianza kurudi kinyumenyume, usiibane breki ya nyuma kwa nguvu, maana itashika magurudumu na mbele patakurukia usoni, ila ishike ya mbele taratibu mpaka kisimame, ndipo uongeze ya nyuma. Kushuka ni kinyume chake: jisogeze nyuma, gia ndogo, nyooka. Kupita ubavuni mwa mlima mimi sikupendi mpaka leo, lakini ukilazimika, mwili unaelekea upande wa mlima, na chombo kikitaka kuinamia bondeni geuza usukani kuelekea chini ikiwa hakuna kizuizi. Kama huna nafasi ya kugeuza, kiache na ushuke upande wa juu. Chuma kinanunulika.

FundiCheni amejibu:

Hamjambo nyote. Mimi ni fundi wa pikipiki, natoka Nakuru na kwa sasa niko Texas, na vyombo hivi vya zamani huletwa kwangu mara kwa mara. Nimeshangaa kwamba hakuna aliyemwambia ndugu yetu akikague chombo kabla ya yeye kujifunza, kwa sababu kitu kilicholala ghalani miaka mingi kinaweza kumwangusha hata dereva hodari, naye akajilaumu bure.

Ningeanza na upepo, nikimjibu ndugu wa guta. Matairi haya yametengenezwa yawe laini, nayo ndiyo karibu shokapu pekee za nyuma ulizonazo, kwa kuwa modeli ya S haina springi nyuma. Kipimo kimeandikwa kwenye kibandiko cha chombo na ubavuni mwa tairi, na kwa kawaida ni kati ya pauni 2 na 3 tu kwa inchi ya mraba, wakati tairi la gari dogo ni zaidi ya 30. Kipimo cha kituo cha mafuta hakiwezi kusoma kiwango hicho, kwa hiyo nunua kile cha presha ya chini na ujaze kwa pampu ya baiskeli. Ukijaza kama la gari, chombo kitadunda kama mpira na kukurusha. Halafu chukua kamba ya fundi cherehani, uizungushe tairi la nyuma la kushoto katikati ya meno yake, kisha la kulia. Mizunguko hiyo miwili inatakiwa ilingane. Kwa kuwa ekseli ni moja, tairi lenye mzunguko mkubwa linatembea mbali zaidi kwa kila duru, na chombo kitakuvuta upande wa lile dogo hata kwenye njia iliyonyooka. Nimemwona mteja aliyekuwa tayari kununua usukani mpya kwa tatizo lililomalizwa na pampu ya baiskeli kwa dakika tatu.

Kidude cha mafuta kikague ukiwa umezima injini. Kisukume mpaka mwisho na kukiachia, usukani ukiwa umenyooka, kisha umepinda kushoto kabisa, kisha kulia kabisa, na kila mara kinatakiwa kirudi chenyewe kwa mshindo mdogo. Kikirudi kwa uvivu, waya wake umeota kutu ndani au umekunjwa mahali, na waya mpya ni bei ndogo kuliko chochote utakachovunja siku utakaponasa wakati wewe unaelekea kwenye mti. Jaribu na swichi ya kuzimia, kwa maana nyingi za umri huo zimekufa na mwenye chombo hajui. Baadaye nyanyua nyuma kwa gogo, ushike gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, ni beringi au nati ya ekseli. Nyanyua na mbele, ugeuze usukani polepole, na ukihisi unakwama katikati kana kwamba umeingia kwenye kishimo, beringi za shingo zimekwisha.

Kuhusu mafunzo, ATV Safety Institute, taasisi ya mafunzo ya usalama wa vyombo hivi, wana kozi sehemu nyingi za Marekani, lakini mpango wao umejengwa juu ya vyombo vya manne. Ukitaka kwenda, uliza kwanza kama utakubaliwa kuja na cha matatu. Hata ukifundishwa juu ya cha kwao, mambo ya macho, kilima na breki utarudi nayo.

MtuWaKilosa amejibu:

Ndugu zangu, wiki 5 zimepita na ninarudi na taarifa. Babu, shikamoo. Fundi, tairi langu la nyuma la kulia lilikuwa na mzunguko mkubwa kuliko la kushoto kwa upana wa vidole vitatu, na kipimo kiliposoma lilikuwa na pauni 9. Jirani alikiri kwamba alilijaza kwa kompresa ya trekta kabla ya kunikabidhi, akidhani ananifanyia hisani. Waya wa mafuta nao ulikuwa unarudi vizuri usukani ukiwa umenyooka, lakini nikiupinda kulia kabisa kidude kilikuwa kinabaki kimelala. Nilipokumbuka kwamba lango la malisho liko upande wa kulia, niliketi chini kidogo.

Zoezi la kutikiswa alinifanyia mke wangu, nami nimemnunulia soda nne. Namba nane nimeianza kwenye uwanja wa nyuma ya zizi, kwa gia ya kwanza, asubuhi kabla ya kazi. Siku tatu za mwanzo chombo kilikuwa kinanyooka tu, mpaka nikagundua kwamba nilikuwa nikiinama kwa kichwa na mabega huku makalio yamebaki katikati ya kiti. Siku ya nne nikajisogeza mbele hadi goti likagusa tenki, nikaubana unyayo wa kulia kwenye kikanyagio, na nikasikia tairi la kushoto likikwangua majani, sauti kama ya mtu anayefagia uwanja. Chombo kikageuka. Nilifurahi mpaka nikasahau kuzunguka ndoo ya pili. Kushoto sasa ninakata bila wasiwasi. Kulia bado ninapanua kona kuliko ninavyotaka, na sijui kama ni hofu ya lile lango au ni mguu ulioumia.

Dada muuguzi, sijakirudisha, lakini nimeyapokea yako. Kofia na buti nimenunua, kilima cha upande wa mashariki nimejizuia nacho mpaka majira ya kuchipua, na nikitoka ninamwambia mke wangu ni malisho yapi.

MuuguziWaMinnesota amejibu:

Ahsante kwa kurudi, kaka. Na mpwa je?

MtuWaKilosa amejibu:

Amekuja, na amenuna siku mbili. Nimempa kazi ya kupima upepo na kuzungusha kamba kwenye matairi kila Jumamosi, anaandika vipimo kwenye daftari, na juzi amenisahihisha mbele ya jirani kwamba la kushoto limepungua nusu pauni. Chombo ninakifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya ghala, na ufunguo mke wangu anaulaza ndani ya kopo la majani ya chai, ambalo mtoto wa umri ule hawezi kulifungua bila kuombwa atupikie sote.